Vumbi la Risasi na Damu ya Mfanyakazi

Wakaazi wa Jomvu na Changamwe wanaikumbuka Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ubavuni mwa kijiji hicho kuanzia 2007 hadi 2014, na risasi ikapatikana katika damu ya wafanyakazi na ya watoto ambao hawakuajiriwa popote. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Risasi huingia mwilini kwa kuvuta moshi na vumbi, au kwa kula na mikono michafu. Ikifika kwenye damu huzuia mwili kutengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni. Mtu hupungukiwa damu, huchoka, huumwa na kichwa na tumbo. Wengi hudhani ni malaria. Sehemu yake hukaa mifupani miaka mingi, na mama akishika mimba inaweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Basi wewe fundi wa betri, awe wa Likoni au Kisauni, ukienda hospitali mweleze daktari kazi yako na uulizie kipimo cha risasi katika damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe.

Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Nguo za kazi ziache kazini, uoge kabla ya kumbeba mtoto.