Jiko la Chuma na Njia ya Moshi

Wengi wetu tulijua jiko kuwa chombo cha kupikia tu. Lakini katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako maji huganda nje ya mlango wakati wa baridi, watu walihitaji jiko la kutia nyumba joto.

Zamani walikoka moto penye uwazi wa ukuta, na sehemu kubwa ya joto ikapanda pamoja na moshi, ikapotea juu ya paa. Yapata mwaka 1742 Benjamin Franklin wa Pennsylvania alibuni jiko la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Chuma hicho hushika joto, na kuni zikiisha kuwaka hakipoi upesi. Ila ukikimwagia maji baridi hali kina moto, hupasuka.

Jiko lile la kwanza lilikuwa na kasoro. Ili joto lisipotee, Franklin aliupitisha moshi chini kwanza, ndipo upande dohani. Basi moshi hupanda kwa sababu ni wa moto, nao ni mwepesi kuliko hewa ya nje; ukipoa, hukosa nguvu. Kwa hiyo moto wake ulififia mara kwa mara, na mafundi waliofuata wakaurudishia moshi njia ya juu.

Majiko yaliyokuja baadaye yana kilango cha kuingizia hewa, na mengi yana kifuniko ndani ya bomba la moshi. Kwa kilango hicho mwenye nyumba hupunguza hewa, moto ukawaka taratibu hadi alfajiri. Ole wake afungaye bomba makaa yangali mekundu! Makaa yakosayo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huivuta asijue. Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alikufa hivyo chumbani mwake Paris mwaka 1902, dohani ilipoziba.

Sumu hiyo haichagui nchi. Hata kwetu katika milima yenye baridi, wako waingizao jiko la makaa chumbani usiku wakafunga madirisha, nalo halina bomba lolote. Moshi ukikoma hudhani hatari imekwisha. Kumbe makaa yasiyotoa moshi ndiyo yaleyale yenye sumu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Azionaye na afungue mlango mara moja, awatoe nje wote waliomo, watoto kwanza. Jiko litatolewa baadaye.