Panya, Jeni ya Bcl11a na Swali la Bibi

Mimi ni mwanafunzi wa taaluma za Kiislamu, si wa biolojia. Nimeingia katika habari za jeni kwa sababu ya swali moja nililoulizwa nyumbani Bwesumbu, kule milimani Kasese, nikalijibu vibaya.

Mtoto wa binamu yangu alizaliwa mzima, mnene, mcheshi. Alipofikisha miezi sita, vidole vya mikono na miguu vikavimba, usiku hakulala kwa kulia. Hospitali wakapima damu, wakasema ni sikoseli, yaani selimundu, ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao. Bibi yetu hakuridhika. Akaniuliza mbele ya watu: "Wewe uliyesoma, kama amezaliwa nao, mbona miezi yote hiyo alikuwa mzima?" Kwetu kila anayesomea dini huitwa sheikh hata kabla ya kuhitimu, basi nikaona haya kunyamaza. Nikasema huenda ni jicho. Nikamsomea ruqya, na kwa neno langu wazazi wakakaa wiki tatu bila kumrudisha hospitali. Kumsomea halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutoa fatwa katika jambo nisilolijua.

Jibu la swali la bibi nimelipata chuoni, na limepitia kwa panya.

Himoglobini ndiyo protini inayobeba hewa ya oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Ya mtu mzima imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa, miwili ya beta. Katika selimundu, herufi moja tu ya jeni ya beta imebadilika, na kwa herufi hiyo moja himoglobini hushikamana kama vijiti pale oksijeni inapopungua. Chembe hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Lakini mtoto aliye tumboni hatumii beta. Anatumia mnyororo mwingine uitwao gama, wenye nguvu zaidi ya kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Himoglobini hii ya kijusi haishikamani, tena huizuia ile mbovu isishikamane. Baada ya kuzaliwa, mwili huifunga gama na kufungua beta kidogo kidogo, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aliona kwamba damu ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu haijikunji sana, akahisi kuwa himoglobini ya kijusi ndiyo inayowalinda. Kwa hiyo bibi aliuliza swali la kitaalamu kabisa. Mtoto alikuwa na ugonjwa tangu tumboni, ila alikuwa bado amevaa ngao.

Nani basi anayeivua ngao hiyo? Mfungaji mkuu ni protini iitwayo BCL11A. Jeni yake kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 2, na kwa panya iko kwenye kromosomu ya 11. Protini hii ina sehemu kama vidole vilivyoshikiliwa na madini ya zinki. Kwa vidole hivyo hushika DNA mahali maalumu na kuiamuru jeni inyamaze. Mwaka 2008 na 2009 watafiti wa Boston, katika maabara ya Stuart Orkin, walionyesha kuwa BCL11A ikipungua katika chembe za binadamu, gama hurudi, na kwamba panya aliyeondolewa jeni hiyo hushindwa kuzifunga sawasawa jeni zake za kiinitete. Panya, kwa kweli, hana himoglobini ya kijusi kama yetu. Yeye huruka moja kwa moja kutoka ya kiinitete hadi ya utu uzima. Hata hivyo mfungaji ni yuleyule, na hapo mimi nilisema subhanallah.

Ila jeni hii haina kazi moja tu. Panya asiyekuwa nayo kabisa hufa mara baada ya kuzaliwa, na hana seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Inahitajika pia katika ubongo. Ukiizima mwili mzima, umeua. Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2011 ilikuwa ya busara: walichukua panya waliopewa himoglobini ya selimundu ya binadamu, wakaizima Bcl11a katika ukoo wa chembe nyekundu peke yake. Panya wale walipona upungufu wa damu, na viungo vyao vikaacha kuharibika. Baadaye ikajulikana kuwa kuna kipande cha DNA kinachowasha jeni hiyo ndani ya chembe nyekundu tu. Ukikikata hicho, kinga ya mwili inabaki salama.

Kutoka hapo ikatokea tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Seli shina za mgonjwa hutolewa, hukatwa kipande kile, kisha hurudishwa baada ya uboho wake kufutwa kwa dawa kali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Bwesumbu tunauza kahawa. Msinitake nipige hesabu.

Wenzangu wa fiqhi wataniuliza kuhusu panya wenyewe. Ni kweli hadithi zimemtaja katika wanyama wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, na yule mwanamke wa paka tunamjua sote. Rai yangu: anayemtia panya maradhi kwa ajili ya tiba ya wanadamu ana hoja, na ana dhima ya kumpunguzia maumivu.

Kwetu sisi kuna mambo ya karibu zaidi kuliko Casgevy. Ng'ambo ya mlima, kwa Waamba wa Bundibugyo, uchunguzi wa Lehmann na Raper uliochapishwa 1949 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wana chembechembe za tabia hii; malaria ndiyo iliyoifanya idumu, kwa kuwa mwenye jeni moja hulindwa nayo. Kidonge cha haidroksiyurea nacho huongeza himoglobini ya kijusi, na utafiti wa Mulago uliochapishwa 2017 haukukuta kwamba kinawazidishia watoto malaria. Na Saudi Arabia tangu 2004 imewalazimu wachumba kupima selimundu kabla ya nikaha, ingawa majibu hayawazuii kuoana. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa.

Likizo iliyopita nilikaa na bibi jikoni nikamrudishia jibu lake, pamoja na kumwomba radhi binamu yangu na mkewe. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa huyu mdogo?" Wana mtoto wa pili, ana miezi miwili, mnene, anacheka na kila mtu. Jumatatu tulishuka naye kupimwa tone la damu la kisigino. Majibu bado tunayasubiri.