Kindi Alisingiziwa: Somo la Kulinda Miti ya Matunda Nyumbani

Kabla sijaanza somo langu nina swali moja. Je, umewahi kuamka asubuhi, ukaenda chini ya mparachichi wa nyumbani, ukakuta matunda manane yameanguka, kila moja limeng'atwa upande mmoja tu na kuachwa? Inauma, si mchezo. Afadhali mwizi ale tunda moja lote ashibe, kuliko kuonja manane na kuyaharibu yote.

Kwetu jambo hili liliuma zaidi kwa sababu mti huo ndio benki yetu. Nyumbani ni Kiminini, karibu na Kitale, lakini miti ninayoisema iko kwa kukhu, yaani nyanya yangu, upande wa Chwele katika Bungoma. Ana miparachichi miwili, mwembe mmoja, mipera, mipapai na migomba nyuma ya jikoni. Parachichi huuzwa sokoni Chwele, na pesa zake ndizo hununua vitabu vyangu. Mwaka mmoja mavuno yalipungua hata tukapata nusu gunia mahali pa magunia manne. Muhula huo nilimaliza nikiazima kitabu cha fasihi kwa jirani yangu darasani, naye alikuwa na haki ya kuchoka nami.

Mwizi alijulikana. Ni kindi! Nani mwingine? Tulimwona mchana kweupe akikimbia juu ya matawi, mkia juu kama bendera. Basi binamu zangu wakatengeneza manati, na katika likizo ya Agosti wakaua kindi watatu. Kijiji kizima kikawasifu. Matunda nayo yakaendelea kuanguka vilevile, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Hapo ndipo mjomba alipotufundisha jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili: usimwadhibu mnyama kabla hujamjua. Alichukua jivu la jikoni, akalichekecha, akalitandaza kuzunguka shina la mti upana wa mikono miwili. Hii ilikuwa saa moja jioni. Alfajiri tukaenda kusoma jivu kama mtu anavyosoma gazeti. Kisha tukalifagia, tukatandaza jingine la mchana, tukalisoma jioni. Tulifanya hivyo siku nne. Jivu la mchana lilikuwa na nyayo chache tu za kindi. La usiku, lo! Nyayo ndogo ndogo nyingi, na katikati yake alama nyembamba kama uzi uliovutwa. Huo ni mkia wa panya.

Sababu yenyewe ni rahisi ukiifikiria. Kindi (wengine humwita kuchakuro) ni mnyama wa mchana. Jua likitua amelala. Panya wa nyumbani hufanya kazi yake usiku, na ni mpandaji hodari sana, kwani mkia wake ni mrefu kuliko mwili na humsaidia kujisawazisha juu ya tawi. Kwa hiyo ukikuta tunda lililokuwa zima jioni limeliwa asubuhi, usimtaje kindi. Tazama pia kinyesi: cha panya hufanana na punje nyeusi za mchele. Ukiona vitonge vya nyuzi za tunda vilivyotafunwa na kutemwa chini, huyo ni popo. Tundu lililochongoka ni mdomo wa ndege.

Lakini sisemi kwamba kindi ni malaika. Hapa Kitale tunamjua vizuri yule kindi wa ardhini, mwenye mstari mweupe ubavuni. Wakati wa kupanda mahindi, Machi na Aprili, yeye hufuata mstari kwa mstari akifukua mbegu, shimo baada ya shimo, kama mtu aliyetumwa. Wengi wetu tumewahi kuamshwa na wazazi tukalinde shamba. Hata hivyo huyo wa ardhini na yule wa juu ya mti ni wanyama wawili tofauti, na kosa la mmoja si la mwingine.

Sasa tumjue panya zaidi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, ndiyo maana hana budi kuguguna kitu kila siku, hata mti mkavu. Mimba yake huchukua kama wiki tatu tu, na watoto nao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache. Panya wa shambani, yule mwenye chuchu nyingi, huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Wazee wa Rift Valley wanaukumbuka mwaka 1962, baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1961, ambapo panya walifurika mashambani wakala mahindi, ngano na shayiri. Kwa hiyo ukiua panya watano na chakula kikabaki palepale, wengine watano watahamia kabla ya mwezi kuisha.

Turudi Chwele. Baada ya kumjua mwizi tulisema tutamfungia njia. Tulichukua madebe mawili ya mafuta ya kupikia, tukayakata na kuyanyoosha kwa nyundo. Debe moja lina kimo cha sentimita kama 35 hivi, halitoshi. Tuliyaunganisha mawili, moja juu ya jingine, tukapata mkanda laini wenye kimo cha sentimita 60. Tukauvika shina kama shati, ukingo wa chini ukiwa karibu mita moja kutoka ardhini. Panya akifika pale kucha zinateleza. Bati kuukuu la nyumba halifai vizuri, maana lina mawimbi na kutu, na kutu ni ngazi. Tena usilipigilie misumari wala kulikaza kwa waya hadi gome liumie. Chakula cha mti hupita katika gome, na shina hunenepa kila mwaka. Ukilibana unaunyonga mti wenyewe. Sisi tulifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nao huvutika kadiri mti unavyokua.

Tukalala tukishangilia. Asubuhi, matunda sita chini.

Binamu yangu alitaka kung'oa mabati yote siku hiyo. Ati mjomba ametudanganya! Lakini usiku uliofuata tulikaa kimya na tochi, na mnamo saa tatu tukaona. Panya hawakugusa shina kabisa. Walitoka katika paa la nyasi la jikoni, wakatembea juu ya kamba ya kuanikia nguo, wakaingia katika tawi moja lililoinama, mmoja nyuma ya mwingine kama abiria wanaopanda matatu ya Webuye. Ndugu msomaji, bati bila kupogoa ni kazi bure. Kesho yake tulikata matawi yote yaliyokaribia paa, ua la kayaba na mgrevilea wa jirani (kwa ruhusa yake), tukaacha nafasi ya mita mbili. Kwa kindi acheni hata mita tatu, kwa maana yeye huruka mbali. Matawi ya chini yaliyoning'inia karibu na ardhi tuliyaondoa pia. Kamba ya nguo ikahamishwa.

Baada ya hapo ndipo jivu lilipoanza kuonyesha nyayo zinazofika kwenye shina na kurudi zilikotoka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya usafi, nayo nitaipitia haraka kwa kuwa kila mtu anaijua ila hakuna anayeifanya. Okota matunda yaliyoanguka kila jioni, kwani hayo ndiyo yanayowaita. Fyeka nyasi kuzunguka mti. Rundo la kuni na mabua ya mahindi lisikae chini ya mti. Hapo ndipo panya anapolala mchana. Ghala la mahindi liinuliwe juu ya nguzo za mita moja, na kila nguzo ivikwe kofia ya bati iliyogeuzwa kama faneli. Ukilinda mti huku ghala liko wazi, panya watakuwa wageni wako wa kudumu.

Kuna ujanja mwingine ambao wengi hawaujui. Parachichi haliivi likiwa mtini! Hukomaa juu ya mti, lakini kuiva na kulainika ni mpaka lichumwe. Kwa hiyo kungoja laini mtini ni kumngojea panya. Chuma tunda moja kubwa ambalo ngozi yake imeanza kupoteza mng'ao, uliweke ndani. Likilainika vizuri kwa wiki moja hivi bila kunyauka, mengine ya kimo hicho yamekomaa, yachumeni. Ukiyafungia ndani ya gunia pamoja na ndizi zilizoiva, yataiva haraka zaidi, kwa sababu ndizi hutoa hewa inayoharakisha kuiva. Kukhu alikuwa akiacha matunda mtini hadi soko lichangamke. Sasa tunachuma kwa awamu, na nadhani hilo peke yake limetuokolea gunia zima.

Mitego je? Hufaa, ila panya si mjinga. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi hiyo Kambodia akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Mnyama wa ukoo wenye akili kama hizo hawezi kuuamini mtego mpya siku ya kwanza. Panya huogopa kitu kigeni. Uweke mtego kando ya ukuta, mahali anapopitia, ukiwa na karanga au omena, lakini usiutege. Mwache ale bure siku tatu. Ya nne, tega.

Kuhusu sumu naomba walimu waniruhusu niseme wazi. Kabla ya habari ya jivu, mmoja wetu alinunua sokoni unga fulani usio na lebo, akauchanganya na ugali, akauweka chini ya mti. Panya walikufa wawili. Mbwa wetu, aliyekuwa akinisindikiza barabarani kila nikiondoka alfajiri, alikufa wa tatu. Kulikuwa na mtoto wa miaka miwili katika boma lile. Mpaka leo nikifikiri kwamba angeweza kuwa yeye, mwili wanisisimka.

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Panya akila hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa dhaifu, na katika siku hizo paka, mbwa au bundi humkamata kwa urahisi, naye akaimeza sumu hiyohiyo. Vitamini K huweza kumwokoa aliyekula sumu ya aina hii, lakini hiyo ni kazi ya daktari, na ni lazima ajue ni sumu gani. Unga usio na lebo hauwezi kumwambia. Watu wengine hutumia dawa za wadudu kuua wanyama, jambo ambalo limeleta maafa. Furadan ilianza kuondolewa sokoni Kenya mwaka 2009 baada ya kutumiwa kuua simba.

Nimemtaja bundi. Hapa niliingia matatani na kukhu. Bundi mweupe usoni alikuwa akitua juu ya mwembe jioni, na kila akilia kukhu alitoka na kijinga cha moto kumfukuza.

"Kukhu," nikamwambia, "huyo ndiye askari wetu. Kila usiku hula panya."

"Mjukuu wangu, hicho ndicho walichokufundisha shuleni? Ndege huyo huja kuita mtu."

Sikubishana naye, maana mtu hamshindi nyanya yake kwa maneno. Siku moja nikaokota chini ya mwembe kitonge cheusi kikavu, ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa isiyosagika. Nikakivunja mbele ya kukhu juu ya ungo wake wa zamani. Mafuvu matatu ya panya, na meno yao ya njano! Alitazama kwa muda mrefu. Hakusema kwamba amekubali. Alisema tu, "Basi asitue juu ya nyumba." Tangu siku hiyo kijinga hakikutoka tena.

Msimu uliofuata tulipata magunia matatu na debe moja kutoka kwa miti ileile miwili. Mipera tumewaachia kindi, kwani mapera ni mengi na sisi hatuyauzi. Nao wakizoea mapera hawahangaiki sana na bati la mparachichi, ingawa mmoja hujaribu bahati yake kila asubuhi na kuteleza, na watoto hucheka.

Kinachotushinda bado ni mipapai. Mpapai una shina moja lililonyooka, bati hulikaa vizuri sana, na panya hapandi. Lakini popo hahitaji shina. Likizo hii tumeyafunika mapapai kwa vipande vya gunia vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge. Kufikia wakati wa kuandika makala haya, matatu kati ya matano yangali mtini. Anayejua njia bora zaidi na aje mkutano wa chama siku ya Jumatano atufundishe.