Upinde: kipini cha mti ao cha chuma?

Katika Marekani wawindaji wengine hutumia upinde ambao ncha zake zimepindwa kwenda mbele. Katikati pana kipini. Ndipo mkono unaposhika.

Kipini cha mti ni chepesi kuchukua siku nzima. Wakati wa baridi hakigandishi mkono. Lakini kikiingiwa na maji chaweza kupindika ao kupasuka.

Kipini cha alumini hakipindiki kwa mvua. Mara nyingi ni kizito zaidi, na uzito huo hutuliza mkono wakati wa kulenga.

Kipi ni bora? Ni kile ambacho mwindaji amekizoea, naye hulenga nacho sawasawa. Mshale ukikosea kidogo, nyama hukimbia na kidonda, hufa polepole porini.

Maulizo: Kipini cha mti kina faida gani? Kwa nini mwindaji apaswa kulenga vizuri?