Projekta, Betri na Giza: Somo la Nishati kwa Shule za Nyanda za Juu

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa sinema za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Hadi ulipokoma mwaka 1937, mradi huo ulikuwa umetengeneza filamu 35, nazo zilipelekwa kwa lori mpaka vijijini. Lori hilo halikubeba projekta peke yake. Lilibeba pia mashine ya kuzalisha umeme. Leo projekta hutoshea kiganjani, lakini sharti la wakati ule halijabadilika: picha haifiki mahali bila nishati yake.

Sharti hili lawahusu hasa walimu wa shule zilizo mbali na nyaya za umeme, kama zile za vijijini katika uwanda wa juu wa Ufipa. Wengi wao hufundishia kompyuta mpakato moja mbele ya darasa lililojaa. Je, isingekuwa vema projekta ijengwe ndani ya kompyuta yenyewe, ili mwalimu abebe chombo kimoja tu? Katika makala hii tutalichunguza swali hilo kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuzifanya.

Nishati iliyomo katika betri

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Tuchukulie kompyuta mpakato yenye betri ya wati-saa 50, itumiayo wati 15. Itafanya kazi kwa 50 ÷ 15, yaani saa tatu na dakika 20. Sasa tuijengee ndani projekta ndogo ya lumeni 100 itumiayo wati 15 nyingine. Matumizi yawa wati 30, na muda wapungua hadi saa moja na dakika 40.

Vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 vyahitaji wati-saa 40. Betri mpya yatosha. Lakini betri za lithiamu huchakaa kwa umri na kwa kuchajiwa mara nyingi. Ikibaki na asilimia 60 ya uwezo wake, yaani wati-saa 30, itazimika baada ya dakika 60. Hapo mwalimu hupoteza picha na kompyuta kwa pamoja, somo likiwa limebakiwa na dakika 20.

Joto na hewa nyepesi

Projekta hiyo ya wati 15 hutoa mwanga wenye nguvu isiyofikia hata nusu wati. Karibu sehemu yote iliyobaki hugeuka joto ndani ya chombo. Projekta ikiwa ndani ya kompyuta, joto hilo huongezeka juu ya lile la kompyuta yenyewe katika nafasi nyembamba, na joto ni adui mkubwa wa betri za lithiamu.

Hapa jiografia ya Rukwa yaingia katika fizikia. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Kila mzunguko wa feni hupitisha hewa yenye uzito mdogo zaidi, na hewa hiyo huondoa joto kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo, projekta nyingi za mezani zina mpango maalumu wa kutumiwa mahali pa juu, kwa kawaida kuanzia mita 1,500, ambao huharakisha feni. Mwalimu wa Sumbawanga yampasa auwashe. Akishuka na chombo kilekile hadi Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, penye mita 800 hivi, aweza kuuzima. Ubaridi wa Ufipa hupunguza tatizo hili, lakini hauliondoi.

Mwanga uliopo ukutani

Lumeni hupima mwanga wote utokao katika projekta. Laksi hupima mwanga uangukao juu ya kila mita moja ya mraba. Picha ya sentimita 160 kwa 100 ina eneo la mita 1.6 za mraba. Lumeni 100 zikigawanywa kwa 1.6 hutoa laksi 62 hivi. Ukipunguza upana na kimo kwa nusu, eneo huwa robo, na mwanga huongezeka mara nne hadi laksi 250. Lakini walio dawati la nyuma hawatasoma herufi.

Tukumbuke pia kwamba projekta haiwezi kutupa weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta usiopigwa na mwanga wake. Ikiwa madirisha yanatia laksi 300 ukutani, sehemu nyeupe itakuwa na laksi 362 na nyeusi 300. Uwiano ni 1.2 kwa 1, na picha haionekani vizuri. Madirisha yakizibwa kwa mablanketi hadi zibaki laksi 10, nyeupe itakuwa 72 na nyeusi 10: uwiano wa 7 kwa 1.

Ili kupata uwiano huo bila kuziba madirisha, zingehitajika lumeni 3,000. Projekta za taa zenye mwanga huo hutumia wati 200 hadi 300. Betri yetu ya wati-saa 50 ingeisha kati ya dakika 10 na 15. Kwa hiyo blanketi dirishani hufanya kazi ya mwanga mara 30, wala halili umeme.

Kujenga ndani au kutenganisha?

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2009 kampuni ya Nikon ilitoa kamera yenye projekta ndani yake, na mwaka 2011 Fujitsu ya Japani ikatoa kompyuta mpakato zilizoweza kuwekewa projekta. Hazikuenea. Faida yake ni dhahiri: waya chache na chaja moja. Lakini hufungamanisha kazi mbili na betri moja. Projekta ya pembeni yenye betri yake ya wati-saa 30 huonyesha picha kwa saa mbili. Ikizimika, kompyuta hubaki na mwalimu huendelea kwa ubao. Ikichakaa, hubadilishwa peke yake. Kwa shule isiyo na fundi karibu, hiyo ndiyo njia bora.

Jaribio

Onyesha ukurasa wenye herufi nyeusi kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mwanafunzi mmoja aketi dawati la mwisho. Ziba dirisha moja baada ya jingine, na uandike idadi ya madirisha yaliyozibwa herufi zinapoanza kusomeka. Rudia kwa picha yenye nusu ya upana, kisha linganisha.

Maswali

1. Betri imeandikwa volti 11.1 na miliampea-saa 4,500. Ina wati-saa ngapi?
2. Upana na kimo cha picha vikiongezwa mara tatu, laksi zitapungua mara ngapi?
3. Kwa nini feni ya projekta iliyotayarishwa kwa mahali pa juu huvuma zaidi Sumbawanga kuliko Kasanga?

Majibu: (1) Karibu 50. (2) Mara tisa. (3) Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi zaidi. Feni yapaswa kuzunguka haraka ili iondoe joto lilelile.