FRIJI INAPOVUJA MAJI: TUFANYE NINI?

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika vijiji vingi. Hapa Mnyambe, na kwingineko Newala na Masasi, wapo wenzetu wenye friji za kuuzia barafu na soda, au za kuwekea mboga. Leo tujifunze jambo linalosumbua wengi: unaamka asubuhi, unakuta maji sakafuni.

Maji yanatoka wapi?

Yanatoka hewani. Tia maji ya baridi sana kwenye gilasi, utaona inatoka jasho kwa nje. Ndani ya friji ni vivyo hivyo. Kila tukifungua mlango, hewa yenye unyevu inaingia, inakutana na baridi, inageuka matone au barafu. Ndiyo maana wakati wa mvua maji huzidi.

Katika friji nyingi matone huteremka hadi kitundu kilichoko nyuma kwa ndani. Toka hapo hupita mrijani mpaka kwenye trei ndogo karibu na mota. Joto la mota huyakausha. Njia hii ikiharibika, maji humwagika.

Kwanza usalama

Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao unaua. Usikanyage maji peku ukashika friji. Zima swichi kuu ya nyumba, kisha chomoa plagi, ukausha sakafu. Watoto wakae mbali.

Tutafute chanzo

1. Kitundu kimeziba kwa mabaki ya chakula. Kizibue taratibu kwa mrija laini, kisha mimina maji kidogo ya vuguvugu. Yakipita, kazi imekwisha.

2. Mpira wa mlango umelegea. Bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, osha mpira kwa sabuni. Kama umepasuka, ubadilishwe.

3. Barafu imekuwa nene, na umeme ukikatika inayeyuka. Zima friji, acha mlango wazi, kinga maji kwa beseni. Usichokoe barafu kwa kisu! Ukitoboa bomba la gesi friji imekufa, na gesi ya friji nyingi za siku hizi inashika moto.

4. Trei imepasuka au imekaa upande. Itengeneze au ibadilishe.

Tena, chungu cha moto kipoe kwanza, na vyakula vya majimaji vifunikwe.

Mwite fundi kama mota inanguruma na baridi hakuna, au kama ukigusa friji unapigwa shoti. Hapo usijaribu mwenyewe.

Chakula je?

Umeme ukikatika, usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Baada ya hapo, nyama, samaki na maziwa vyaweza kuleta ugonjwa hata kama havinuki.

Sisi wa uwanda wa Makonde tunajua thamani ya maji. Wazee wetu waliyafuata mabondeni. Basi maji ya barafu iliyoyeyuka tusiyamwage. Yamwagilie mchicha, ila yasinywewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maji ya friji huzidi wakati wa mvua?
2. Utafanya nini kwanza ukikuta maji chini ya friji?
3. Kwa nini ni hatari kuchokoa barafu kwa kisu?