RELI YA MLANGO WA KARAKANA

Katika Kibera na Kawangware nafasi ni haba, na mlango mpana unaofunguka kwa nje huziba njia ya watu. Kwa sababu hiyo wenye karakana na vibanda vya magari wengi hupenda mlango wa chuma unaosukumwa kando juu ya reli. Lakini mlango huo ni mzito, nao ukitoka relini humwangukia aliye karibu, awe mtoto au mlinzi.

Anayeagiza mlango kwa fundi na atazame reli kwanza, rangi baadaye. Chuma cha pembe kilicho chembamba hupindika upesi gari lipitapo juu yake; kinachofaa ni kinene, kilichoshikwa na saruji na kunyoshwa kwa pimamaji. Mfereji wa gurudumu sharti ulingane na mgongo wa reli. Jambo linalosahauliwa mno ni vizuizi vya chuma katika ncha zote mbili, pamoja na kishikizo cha juu kinachouzuia mlango usilale. Fundi akisema kwamba hivyo vyaweza kungoja, malipo nayo yangoje.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, matope hujaa relini na kukauka kama tofali, basi yapasa ifagiliwe kila siku. Grisi isipakwe juu ya reli, maana hunasa mchanga unaokula magurudumu kama msasa. Mahali pake ni katika beringi. Mlango ukianza kuwa mzito, usilazimishwe. Kwanza utegemezwe kwa gogo imara, ndipo gurudumu litazamwe.